Wageni wa Harusi Wakifika Mwandiga, Tuwatembeze Wapi?



Kwetu Kigoma harusi nyingi hufungwa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekatika na njia za vijijini zinapitika. Ndipo nyumba zinapojaa watu. Wakwe hufika siku tatu au nne kabla ya siku yenyewe, maana safari ndefu haipangwi kwa saa. Wakati huo wenyeji wako mbioni: kuna turubai, kuni, mchele na sare za kwaya. Mgeni anapokewa kwa vigelegele, anapewa kiti na soda, kisha anaachwa hapo akitazama ukuta mpaka jioni.

Kosa hilo tumelifanya sisi wenyewe, wanawake wa familia moja ya Mwandiga. Tulipomwozesha kijana wetu, wakwe walitoka Dodoma kwa treni. Walikuwa watu kumi na mmoja, na mbele yao mama mzazi wa bibi harusi. Siku ya kwanza tuliwaacha wapumzike, na kweli walikuwa wamechoka. Siku ya pili kijana mmoja akatuambia, "Mama, yule mama mkwe tangu jana hajasema maneno kumi." Tukaona aibu. Tukaacha sufuria mikononi mwa wengine, tukaanza kutembea nao. Tunayowaandikia leo ndiyo tuliyojifunza katika matembezi yale: mahali pa kuwapeleka wageni, na mahali tulipopaswa kuanzia.

MWANDIGA IKO WAPI

Kwa msomaji asiyepafahamu, Mwandiga ni mji mdogo katika Wilaya ya Kigoma, jirani na mji wa Kigoma, mwendo mfupi wa daladala. Ni njia panda. Barabara moja inashuka Kigoma mjini na ziwani. Nyingine inakwenda Kasulu, na ya tatu inapanda milima kuelekea Kalinzi, penye kahawa na migomba, hadi Manyovu kwenye mpaka wa Burundi. Kwa hiyo Mwandiga hapakosi mpita njia. Utasikia Kiha, Kiswahili na Kirundi katika duka moja. Pande zote unaona michikichi, na harufu ya mawese yanayochemka humpokea mgeni kabla ya mwenyeji.

UJIJI: MWEMBE, MAKUMBUSHO NA HALIMA WA JIKONI

Kama wenyeji wengi wa Kigoma, sisi tulifikiri mgeni lazima aanze na Ujiji. Kutoka Mwandiga mtapanda daladala hadi Mwanga, kisha mtabadilisha gari. Tulikosea saa: tulifika adhuhuri, jua likiwa utosini. Ninyi nendeni asubuhi.

Ujiji ni mji wa zamani kuliko Kigoma mjini. Burton na Speke walipofika Februari 1858, walikuwa wamefuata njia ya misafara iliyokuwapo tayari, kutoka pwani kupitia Tabora. Katika njia hiyo zilipita pembe za ndovu, na walipita wanadamu waliofungwa kama mizigo, wengi wao wakiwa wamevushwa ziwa kutoka upande wa Kongo. Miembe mikubwa mnayoiona Ujiji inatukumbusha siku za misafara hiyo. Waelezeni watoto mtakaofuatana nao, maana kivuli kile ni kizuri lakini kina habari ya kuhuzunisha.

Wengi huja kuona mahali ambapo Stanley alimkuta Dk. Livingstone mwaka 1871. Mzee yule alikuwa mgonjwa na mwenye upungufu, kwa kuwa mali aliyotumiwa kutoka pwani ilikuwa imeuzwa bila ridhaa yake. Mwembe wenyewe ulikwisha kufa; miembe inayotunzwa hapo leo inaelezwa kuwa ni uzao wake. Pana mnara wa kumbukumbu na jumba la makumbusho, na ndani yake zimo sanamu za watu hao wawili, kila mmoja akiwa ameinua kofia kumsalimu mwenzake.

Hapo sisi wanawake tunapenda kumkumbuka mtu ambaye hakuwekewa sanamu. Katika maelezo yake Stanley anamtaja Halima, mpishi wa Livingstone. Siku ile ya kupokea mgeni, Halima alikuwa akitoa kichwa nje ya jiko ahakikishe kwamba kweli Wazungu sasa ni wawili, huku akiwa na wasiwasi kama chakula kitatosha na kama kitamfaa mgeni. Mama gani aliyepata kupokea wageni wa ghafla asiyeijua hofu hiyo? Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Halima alikuwa katika msafara wake. Susi na Chuma wanatajwa mara nyingi kwa kuongoza kazi ya kuufikisha mwili pwani. Tumtaje naye.

Tuliwasimulia pia habari ya mama mwingine. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe wakafuata mwaka 1879. Miongoni mwa wale wa kwanza alikuwamo baharia, Edward Hore. Baadaye mkewe, Annie Hore, alisafiri kutoka pwani pamoja na mtoto wao mdogo wa kiume, akibebwa na wapagazi katika kiti cha magurudumu, na mwanzoni mwa 1885 wakawa wamefika Ujiji. Aliandika kitabu juu ya safari hiyo, *To Lake Tanganyika in a Bath Chair*, kilichotolewa mwaka 1886. Mama mkwe aliposikia hayo alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Basi mimi na treni yangu nimestarehe," alisema.

Neno moja la adabu. Ujiji wakazi wengi ni Waislamu, na ni watu wakarimu. Wageni wavae khanga au kitenge kwa heshima, wasipige picha za watu bila kuomba ruhusa, na wasipite barazani bila salamu.

SWALI LA JIONI

Jioni ile tulikuwa tumeketi nyuma ya nyumba tukichambua mchele, tumeridhika kwamba wageni wameburudika. Mama mkwe akaja, akasimama karibu nasi. Akasema kwa upole, "Mwembe wa Livingstone nimeuona, ahsanteni. Sasa niambieni, mwanangu atachota maji wapi?"

Tukatazamana. Tulikuwa tumemtembeza mama wa watu mji mzima, tukasahau kwamba yeye hakuja kama mtalii. Amekuja kumwacha binti yake. Atarudi Dodoma, na kila usiku atajaribu kumwona binti huyo kwa macho ya moyo. Ataona nini, ikiwa hajawahi kuonyeshwa jiko lake?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kesho yake ilikuwa siku ya tatu. Hatukumpa jembe, tulimpa ndoo.

MWANDIGA KWA MIGUU

Matembezi haya hayana kiingilio. Anzeni mapema, saa moja asubuhi, kabla ya jua kupanda. Msiende kundi kubwa. Wanawake wanne au watano wanatosha.

Tulianzia katika nyumba ya maharusi. Ilikuwa vyumba viwili vilivyoezekwa bati, na jiko la nje. Mama mkwe alifungua mlango wa jiko, akatazama moshi utatokea wapi, akagusa komeo la mlango wa nyumba. Hatukumharakisha.

Kisha tukaenda bombani. Alijitwisha ndoo mwenyewe, akatembea nayo hadi nyumbani bila kusema. Alipoitua alisema tu, "Si mbali." Kwao, maji ni jambo ambalo mwanamke hulipima kwa shingo yake mwenyewe.

Kutoka hapo tukaenda kliniki ya mama na mtoto. Akina mama walikuwa wamepanga foleni na watoto wao mgongoni. Akauliza swali ambalo sisi tulikuwa hatujajiuliza: "Akishikwa na uchungu usiku wa manane, gari la nani?" Bwana harusi alinyamaza. Ikabidi twende kwa jirani mwenye bajaji, tukamtambulisha kwa mama mkwe, naye akatoa neno lake mbele yetu kwamba akigongewa usiku ataamka. Tulishukuru Mungu kwa swali hilo. Ni afadhali liulizwe kabla ya harusi kuliko baada ya mimba.

Njiani tulisalimiana na kila mtu. Salamu za Waha haziendi haraka. Mtu akikuambia "Mwakeye" asubuhi, simama. Mfundisheni mgeni neno hilo mapema, kwa kuwa litamfungulia milango mingi. Bibi mmoja alimshika mkono mama mkwe asiuachie, na alipojua kuwa ndiye mwenye bibi harusi, alimwingiza ndani akamkatia ndizi.

MAHALI MAWESE YANAPOPIKWA

Mgeni yeyote atakayefika Mwandiga, aonyeshwe mawese yanavyotengenezwa. Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi, lakini katika Tanzania ni mkoa wetu unaojulikana zaidi kwa zao hili. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja kuhimiza lifufuliwe, na tangu hapo miche ya aina mpya imekuwa ikioteshwa na kugawiwa.

Kazi yenyewe ni hii. Mikungu hukatwa juu ya mti, machikichi yakapukutishwa, yakachemshwa katika mapipa mpaka yalainike. Kisha hutiwa katika mashine ya kukamulia, ambayo mara nyingi huzungushwa kwa mikono, na mafuta mazito mekundu hutiririka pamoja na maji. Huchemshwa tena ili mafuta yapande juu yaenguliwe. Makapi hukaushwa yakawa kuni. Kokwa hupasuliwa, na kiini chake, mise, hutoa mafuta ya aina nyingine. Hakuna kinachotupwa.

Mama mkwe, ambaye kwao hupika kwa karanga na alizeti, alionja mawese ya moto kwa kipande cha muhogo. Mchana tulimpikia migebuka kwa mawese, ugali wa muhogo na sombe, ambayo wengine huiita kisamvu. Aliuliza kiasi cha chumvi. Mwanamke akiuliza kiasi cha chumvi, jueni ameanza kuzoea. Angalizo: mawese yakidondokea nguo nyeupe hayatoki kirahisi. Nguo za harusi zibaki sandukuni.

ZIWANI: KIGOMA NA KIBIRIZI

Siku iliyofuata harusi tuliwapeleka ziwani wale waliobaki. Tulianzia stesheni ya Kigoma, jengo la enzi ya Wajerumani. Reli ilifika hapa mwaka 1914. Wageni walishuka hapo wakiwa na usingizi, kwa hiyo hawakuwa wameliona vizuri.

Bandarini ulizeni habari za meli ya Liemba na kama ipo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande. Vikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

Kisha nendeni Kibirizi, ufukweni kaskazini ya mji. Hapo ndipo hutia nanga mitumbwi ya injini inayokwenda vijiji vya mwambao hadi karibu na Burundi, na hapo mtaona dagaa wakianikwa. Uvuvi wa dagaa ni wa usiku na wa taa. Zamani zilikuwa karabai. Sasa wengi hutumia taa za betri na za umeme wa jua. Usiku wa giza, taa zile zikiwa ziwani, mtu hudhani kuna mji juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, kwa kuwa taa haishindani na mwezi. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Mnaopanga harusi ya kiangazi, ulizeni mapema kama ziwa litakuwa wazi, msije mkaahidi wageni dagaa wabichi mkawakosa.

Ketini hapo mpaka jua litue nyuma ya milima ya Kongo. Waambieni wageni kwamba ziwa hili lina urefu wa kilometa zaidi ya 670 na kina cha karibu meta 1,470. Duniani ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi kwa kina. Nchi nne zinakunywa maji yake: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mama mkwe alivua viatu, akasimama majini mpaka vifundoni, akakaa kimya. Safari hii kimya chake hakikututia hofu.

GOMBE, KWA WENYE NAFASI

Wageni wenye siku mbili zaidi na akiba kidogo waende Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo kaskazini ya Kigoma, kwa njia ya maji. Jane Goodall alifika huko Julai 1960, naye hakuwa peke yake. Wakuu wa serikali ya wakati ule hawakukubali msichana akae porini bila mwenzake, basi mama yake mzazi, Vanne, akaja kuishi naye hemani miezi ya mwanzo. Huyo mama aliwagawia wavuvi dawa, na wavuvi wakawa marafiki wa binti yake. Jane alifariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 91. Tumeisimulia habari hii kwa sababu inatugusa: mama alikuja kwanza kupaona, akapaandaa, ndipo akamwacha binti afanye kazi yake.

Jueni kwamba mitumbwi ya abiria kwa kawaida huondoka Kibirizi mchana na kurudi asubuhi, kwa hiyo mtalala huko, au mkodi chombo chenu. Watoto hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni. Mwenye mafua pia abaki, kwa kuwa sokwe huambukizwa magonjwa yetu.

MAMBO YA KUANGALIA

Wageni wanaotoka sehemu zenye baridi au ukame wapewe chandarua kila mmoja, maana malaria ya huku haina mzaha. Maji ya kunywa yachemshwe. Kuoga ziwani kufanyike penye mchanga na maji safi, si kwenye matete, kwa ajili ya kichocho. Chomboni kila mtu avae boya, hasa watoto, na safari ifanyike kukiwa shwari, kwa kuwa upepo wa ziwa huinuka ghafla.

Kila mgeni abebe kitambulisho; kwa hifadhi za taifa raia hulipa kiingilio nafuu kuliko wageni wa nje. Ratiba ya treni iulizwe stesheni mapema.

Zawadi za kurudi nazo ni tatu: vitenge, dagaa na mawese. Dagaa wazuri ni wakavu, wanang'aa na hawana mchanga. Mawese yatiwe katika galoni lenye kifuniko imara, na galoni liwekwe ndani ya beseni, mbali na nguo.

Na la mwisho: wapokezaneni zamu. Wanawake wawili wapike, wawili watembeze wageni, kesho wabadilishane. Martha na Mariamu walikuwa nyumba moja, na nyumba ya harusi inawahitaji wote wawili.

TULIVYOAGANA

Maandiko yanatupa habari ya Rebeka, aliyeulizwa kama atakubali kwenda nchi ya mbali kuolewa, akakubali (Mwanzo 24). Mama yake aliomba binti akae siku chache zaidi. Hatuambiwi kama mama huyo aliwahi kuiona hema ambayo mwanawe alikwenda kuishi. Wako mama wengi wa namna hiyo hata leo, na baadhi yao ni wakwe zetu.

Siku ya kuondoka, pale stesheni, binti alilia. Mama yake hakulia. Alimwambia aendelee kumsalimu yule bibi wa ndizi, na asisahau namba ya mwenye bajaji. Kisha akatugeukia sisi. "Ni mbali," alisema. "Lakini sasa napajua."

Hakusema kwamba amefurahi, wala sisi hatukumuuliza. Treni iliondoka. Binti akajifuta machozi kwa pembe ya khanga, tukapanda daladala naye kurudi Mwandiga, kwa kuwa maji ya jioni yalikuwa bado hayajachotwa.

Akina mama, wakwe wakija kwenu, mji wowote mlioko, waonyesheni mazuri yote ya kwenu. Lakini waanzishieni bombani.